Ombi la Kuachiwa Gari Langu Lisilochaji

Kwa Bi. Glenys Hockaday,
Katibu, Chama cha Magari ya Zamani,
Yarrabinda.

Bi. Katibu,

YAH: GARI LANGU KUTENGENEZWA BILA RIDHAA YANGU

Wameshafungua boneti tena. Ninapoandika hapa Mzee Vern ameingiza kichwa chote kwenye injini, kimebaki kiuno na kaptula. Mimi nimekaa kwenye usukani. Kazi yangu ni kuwasha nikiambiwa niwashe na kuzima nikiambiwa nizime. Hapo katikati sina kazi, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Najua uko hapo tu, jikoni kwenye banda la chama, nakuona dirishani unapaka siagi mikate ya chai. Ningeweza kutembea nikaja kukuambia kwa mdomo. Lakini wewe unanijua, Mama. Nikifika hapo nitasema jua kali leo, utasema kweli mwanangu jua kali, nitachukua mkate nirudi kwenye gari, na malalamiko yangu yatabaki tumboni pamoja na mkate. Kwa hiyo naandika. Shule niliacha mapema nikaenda kwenye mabanda ya kunyoa kondoo, mimi na kalamu tunasalimiana kwa mbali. Pakikosewa mahali, soma kile nilichotaka kusema.

Jambo lenyewe ni hili. Chama kimepitisha azimio kwamba gari lolote linalozima njiani ovyo mpaka livutwe au lishtuliwe betri na gari jingine halitaingia kwenye msafara wa Pasaka, na namba zake za chama, zile zinazoliruhusu kutembea barabarani, zitarudishwa. Mlipolisoma lile azimio hamkutaja gari la mtu. Hamkuwa na haja. Ukumbi mzima uligeuka kuniangalia, hata yule mgeni aliyekuja kukarabati paa. Na leo mmekuja wote na masanduku ya spana mnitengenezee, kwa upendo, bila kunidai kitu. Nashukuru sana. Naomba muache. Naomba chama kiniachie gari langu kama lilivyo, lisichaji, na sababu zangu ni hizi.

1. Hakuna aliyeniuliza kama gari linaumwa. Ni kweli taa nyekundu ya chaji pale kwenye dashibodi inawaka muda wote. Ni kweli betri inajazwa nyumbani inajaa vizuri, halafu nikizunguka mjini kidogo imekufa. Gari linakula akiba tu, haliingizi kitu. Lakini hili ni gari la marehemu babu yangu, la mwaka sitini na tatu. Mtu wa umri huo akikaa kimya barazani hatumpasui tumbo tuangalie kuna nini. Tunamwekea mto, tunamwacha.

2. Madaktari wenyewe hawaelewani. Mzee Vern, aliyefunga umeme nusu ya nyumba za mji huu, anasema ni ethi, yaani umeme haupati njia ya kurudi kwenye chuma. Kwake yeye kila kitu ni ethi. Mkewe alipoumwa mgongo alimwuliza kama amevaa viatu vya mpira. Bwana Dougal, jaji wetu wa maonyesho, anasema ni mkanda wa feni. Tangu asubuhi wanazungumza juu ya injini yangu namna hii, nanukuu:

"Mkanda umelegea, Vern. Bonyeza hapo uone."

"Nimebonyeza. Umekaza kuliko mkono wako zamu yako ya kununua bia ikifika."

"Basi pima hiyo ethi yako."

"Nimepima. Nzima."

"Ehe! Si nilikwambia?"

"Umeniambia nini? Ethi ikijifanya nzima hapo ndipo pa kuogopa. Dogo, washa!"

Nikawasha.

"Zima!"

Nikazima. Wakatazamana. Kila mmoja akachukua spana nyingine. Mpaka sasa wamebadilisha mkanda uliokuwa mzima, wamesugua vichwa vya betri mpaka vinang'aa kama meno ya bwana harusi, wameng'oa waya unaoenda kwenye bodi wakaufunga mwingine mnene, wamefungua altaneta, ile inayozalisha umeme wa kuchaji, wakaangalia kaboni zake, wakakuta hazijalika, wakazirudisha kwa masikitiko. Altaneta yenyewe babu aliifunga zamani badala ya dinamo. Jambo hilo Bwana Dougal hajamsamehe mpaka leo, na babu tumeshamzika.

3. Hili nimelifikiria sana kama niliandike. Gari likizima, mimi napiga simu ya brekidauni. Nikipiga simu ya brekidauni, anakuja Marnie. Wewe ni shangazi yake, sina haja ya kukueleza Marnie ni nani. Anashuka na waya za kushtulia begani, anafukuza nzi usoni kwa kiwiko kwa sababu mikono ina grisi, anasema, "Wewe tena?" Halafu anauliza, "Volti ngapi?"

Mama, watu wakiniuliza habari, mimi sijui wanataka habari gani. Lakini volti ngapi ni swali lenye jibu. Namwambia kumi na moja na nusu. Anasema, "Leo umejitahidi." Siku nyingine namwambia kumi, anasema, "Masikini," na sijui anayeonewa huruma ni mimi au betri. Tunafunga waya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwenye chuma, halafu inabidi tusubiri gari lake lilishe langu. Kule kusubiri ndiko ninakoombea. Injini yake inanguruma, hakuna anayelazimika kusema kitu, na yeye anasema. Amenieleza habari za mbwa wake anayeogopa kondoo. Amenieleza kwa nini aliacha kazi ya mjini akarudi huku kwenye vumbi. Mara moja alinikatia nusu ya pai yake ya nyama, nikaila bila kumwangalia, nikakaribia kula na karatasi.

Sasa gari likichaji, nitampigia simu nimwambie nini? Kwamba sijambo?

4. Nimeisoma katiba ya chama, ile uliyoibandika mlangoni kwa gundi ya karatasi. Inasema lengo letu ni kuyalinda magari kama yalivyotumika enzi zake. Mimi huwa nakaa pembeni wakati wa chai nawasikiliza wazee, na sijamsikia hata mmoja akisema enzi zake gari lilikuwa linawaka. Wote walisukuma. Mzee Vern mwenyewe anasimulia kwamba mkewe alimpendea mgongo, maana ndicho kitu cha kwanza alichokiona, pikapu imekwama kwenye matope na jamaa ameinama anasukuma. Leo mtu akisukuma gari mtaani mnamwonea aibu. Kwa hiyo mimi naona betri iliyokufa ni kifaa halisi cha gari, sawasawa na usukani. Bwana Dougal aliwahi kuninyima alama kwa sababu ya skrubu moja ya kisasa kwenye mlango. Vipi leo anataka kulifungia gari hilohilo chaji ya kisasa, nzima, ya kutwa? Huko ni kughushi historia. Naomba chama kiitambue hitilafu yangu rasmi kama kumbukumbu, na kama kuna kibao cha shaba kilichobaki, kifungwe karibu na betri.

5. Hili linahusu magari ya wenzangu. Juzijuzi radieta ya Bwana Dougal ilichemka kwenye barabara ya ziwani, Marnie akashinda huko mchana kutwa. Siku hiyohiyo mimi nilikuwa nimezima mbele ya duka la mikate, mahali pazuri kabisa, kivulini, nimeshapima na volti zangu nimezikariri. Akaja kaka yake. Kaka yake hataki kujua volti. Alinirushia waya, akarudi kwenye gari kusikiliza kriketi redioni, tukakaa hapo kama watu wawili kwenye chumba cha daktari wa meno. Hii si haki. Naomba chama kipeleke nguvu zake zote, mikanda yote na ethi zote, kwenye magari mengine ya wilaya, yatengenezwe mpaka yasiwe na sababu ya kumsumbua mtu. Anayeshindwa kutunza radieta yake apokonywe funguo. Pia naomba ile nafasi ya mbele ya duka la mikate itengwe kwa ajili ya gari langu kuzimia, na ichorwe mistari, maana kuna pikapu ya kijani inaizoea.

6. Hapa nilitaka kuongelea msafara wa Pasaka wenyewe, lakini ngoja, naambiwa niwashe.

Nimerudi. Mama, limetokea jambo baya.

Bwana Dougal amechoka na mkanda, akaja upande wangu, akaingiza kichwa dirishani. Nikadhani anataka kusoma ninachoandika, nikafunika kwa kofia. Kumbe anaangalia dashibodi. Akasema, "Hii taa ya chaji rangi yake inaniudhi. Nyekundu ya disko."

Sasa hiyo taa alinipa yeye. Kwenye maonyesho yaliyopita alinikata alama kwamba taa yangu ya chaji imefifia. Tulipomaliza akanifuata nyuma ya mahema, akanipa balbu ya kisasa, ile ndogo isiyopata moto, akaniambia haiungui milele. Nilishangaa, yeye na mambo ya kisasa wapi na wapi? Akanikonyeza: "Dogo, jaji anahukumu anachokiona. Nyuma ya kioo hakuna anayefika." Ndivyo chama chetu kinavyokwenda, sisemi kwa ubaya. Nimeshaona humu ndani injini iliyopakwa rangi upande mmoja, ule wa kupigwa picha.

Basi leo kwa sababu Pasaka watakuja wapiga picha, akaamua rangi ile haifai. Akang'oa ile balbu, akaitupa kwenye ndoo ya matambara ya mafuta, akatoa mfukoni balbu ya kizamani. Wanaume wa chama hiki wanatembea na balbu mfukoni kama watu wengine wanavyotembea na peremende. Akaichomeka. Akasema, "Washa, tuone inavyopendeza."

Nikawasha. Taa ikawaka, nyekundu ya upole, kama kaa la moto. Halafu ikazimika.

"Imeungua!" akasema Bwana Dougal.

"Haijaungua," akasema Mzee Vern. Yeye alikuwa bado kwenye betri na mita yake, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeona nyoka. "Inachaji."

"Inachaji nini?"

"Betri! Mshale umepanda. Umefanya nini wewe?"

"Mimi sijafanya kitu! Nimebadilisha taa!"

"Nani kakutuma uguse taa watu wako kazini?"

Mzee Vern akaniambia nizime. Akachimbua ndoo, akarudisha balbu ya kisasa, akaniambia niwashe. Taa ikawaka ikabaki inawaka, chaji hakuna. Nizime. Akaitupa tena ndooni, akaweka ya zamani, niwashe. Taa ikazimika, chaji ikarudi. Akakaa chini juu ya bampa langu, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Halafu akaeleza, na hata mimi nikaelewa. Altaneta haiamki yenyewe. Inataka kuguswa kwanza na kiumeme kidogo, na kiumeme hicho njia yake ni ile taa. Balbu ya zamani inapitisha cha kutosha. Ile ya kisasa haina njaa, inapitisha tone, altaneta inageuka upande wa pili inalala. Kwa hiyo tumepekua gari zima kwa sababu taa imetuambia kuna mwizi, kumbe mtoa taarifa ndiye mwizi.

"Haikuwa ethi," akasema mtu kule nyuma, taratibu.

"Kimsingi ni ethi," akasema Mzee Vern.

Na Bwana Dougal akasema, "Lakini alama nilizomkata zilikuwa sahihi."

Sasa hivi watu wanashangilia. Kuna mtu anapiga honi yangu kwa kupitisha mkono dirishani. Mimi nimeinamia karatasi na wananipigapiga bega, wanadhani nalia kwa furaha.

Kwa hiyo lalamiko la sita linabadilika na linakuwa hivi. Chama kimeniponyea gari bila idhini yangu. Naomba kinipatie ubovu mwingine wa hadhi ileile. Radieta sitaki, radieta inatibiwa kwa ndoo ya maji na haiiti mtu. Breki sitaki, bado nataka kuishi. Tairi najua kubadilisha, na yeye anajua kwamba najua. Naomba ubovu wa taratibu, usiodhuru, unaozimisha gari ndani ya mji tu, siku ambazo kaka yake hayuko zamu, na unaohitaji waya mbili na kusubiri. Kama ghala la chama halina ubovu wa namna hiyo, basi nirudishiwe balbu yangu. Nilipewa zawadi, na zawadi haitupwi na aliyeitoa. Ndoo ni ile ya bluu, nyuma ya ngazi.

Kama chama kitakataa vyote, naomba basi kinisaidie kitu kimoja kidogo: kinitafutie swali lingine lenye jibu.

Nawasalimia wanachama wote na magari yao. Msalimie mke wa Mzee Vern na mgongo wake. Wasalimie wanaoosha vikombe, huwa hawasalimiwi. Na mkikaa mezani Jumapili na ndugu zako, wasalimie wote watakaokuwepo, tafadhali usimruke mtu. Barua hii nitaiacha chini ya kopo la sukari.

Wako katika kuilinda historia,

Rowan Noack,
mwanachama, gari la bluu.

Nyongeza. Mama, naomba haya yote uliyoyasoma uyasome kinyume.

Nilikuwa nakunja karatasi simu yangu ikalia. Simu yangu huwa hailii, huwa inapiga tu. Alikuwa Marnie. Yuko kule kwenye maghala ya ngano peke yake, na brekidauni limezima, halishtuki.

Nikamwuliza, "Volti ngapi?"

Akasema, "Njoo upime mwenyewe."

Nikamwambia Mzee Vern yupo hapa na mita nzuri kuliko yangu, nimlete. Akasema, "Rowan. Muache Vern anywe chai."

Kwa hiyo ombi langu ni kwamba gari langu lichaji. Lichaji sana, lichaji na usiku likiwa limezimwa ikiwezekana. Azimio la chama ni zuri na limechelewa. Kibao cha shaba sihitaji. Nafasi ya duka la mikate mpeni mwenye pikapu ya kijani. Na ile balbu ya kisasa nikija kuiomba, hata nikipiga magoti, mnifukuze.

Kitu kimoja tu kinanisumbua na ningependa kamati ya ufundi ikitazame. Betri ya brekidauni ni mpya, ameifunga wiki hii, na mimi ndiye niliyemshikia spana. Altaneta yake ina ukubwa wa kichwa cha kondoo dume. Mkanda nimeuona. Nimefikiria ethi, nimefikiria fyuzi, nimefikiria mpaka balbu, na sioni sababu hata moja ya gari lile kuzima.

Chai nitakunywa siku nyingine, Mama. Inabidi niondoke sasa hivi, maana gari zima namna ile linaweza kuwaka lenyewe kabla sijafika.